Makazi ya Majaribio

Asubuhi moja, kwa vipaza sauti na tarumbeta, Mamlaka ya Kuwashauri Wanunuzi wa Nyumba iliutangazia umma kwamba kuanzia saa hiyo hakuna mwananchi atakayeruhusiwa kununua nyumba kabla hajashauriwa. Atakayenunua nyumba mbovu bila ushauri, ilisema Mamlaka, atakuwa ameyataka mwenyewe. Atakayenunua nyumba nzuri bila ushauri atahesabiwa kuwa amebahatisha, na kubahatisha kuanzia sasa ni kosa.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kutikisa madirisha na miwani ambayo muda mwingi ilikaa kwenye paji la uso, ikiangalia juu. Alikuwa na sifa zote za kuiongoza Mamlaka hiyo. Palikuwa na kasoro moja ndogo, ambayo serikalini hakuna aliyeona haja ya kuitaja: hakuwahi kununua nyumba. Tangu aoe alikuwa akikaa nyumba za serikali, akitoka hii anaingia ile, na kila aliyoingia ilikuwa kubwa kuliko aliyotoka. Balbu ikiungua alipiga simu, akaja mtu na ngazi. Mwandishi mmoja wa habari alipomuuliza kuhusu jambo hilo, Mkurugenzi alimtazama kwa huruma.

"Kijana, aliyenunua nyumba tayari ana upande," alisema. "Mimi sina upande. Ndiyo maana nimeaminiwa."

"Kabisa, mkuu," akasema Naibu wake. Huyu alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kipaji cha kuafiki sentensi kabla haijafika mwisho.

Mteja wa kwanza alikuwa msusi. Aliingia ofisini siku hiyohiyo, kitana kimechomekwa kwenye nywele, mkono mmoja umeshika kiuno, maana alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshafika mbele yake kwenye kila mlango.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kushauriwa, nasikia ni lazima."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Si lazima, ni haki yako ambayo huwezi kuikataa."

Msusi akaeleza. Yeye na mumewe, dereva wa lori, walipanga chumba kwa baba mmoja ambaye sasa anakitaka chumba chake afungue duka la simu. Wameambiwa wawe wametoka kabla mwezi haujaisha. Akiba wanayo, nyumba wameshaipata: ya Bibi Mkunga, yule mama aliyezalisha nusu ya mtaa kabla hajastaafu, nyuma ya karakana ya wachomeleaji. Bibi anahamia kwa binti yake. Bei wamekubaliana. Mtoto yuko njiani na hataki kusikia habari za foleni.

Mkurugenzi alimsikiliza kwa umakini wote, kisha akamfafanulia utaratibu. Kungekuwa na Ushauri wa Awali, ambao ungemwandaa mteja kisaikolojia kushauriwa. Ungefuata Ushauri wa Kati, halafu Ushauri wa Juu. Mwisho ungekuja Ushauri Kuhusu Ushauri, ili mteja ajue afanye nini na alichoambiwa.

"Nina swali moja tu, mzee," msusi akasema. "Ile nyumba inavuja?"

Mkurugenzi akamtazama Naibu. Naibu akaitazama feni.

"Hilo," akasema Mkurugenzi, "liko kwenye Ushauri wa Juu."

"Si mnijibu sasa, nikalale?"

"Mwanangu, nyumba si nyanya, kwamba unaibonyeza unaondoka nayo. Tutakuja kuikagua. Tena nitakuja mwenyewe."

Na kweli alikwenda, maana alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, hasa zile zenye msafara. Magari ya Mamlaka yaliuziba mtaa mzima hadi mama muuza mkaa akashindwa kutoka kwake. Bibi Mkunga, mzee mdogo wa umbo mwenye mikono mikubwa, aliwatolea vigoda vyote alivyokuwa navyo, na wale waliokosa wakakaa juu ya ndoo.

Mkuu wa Idara ya Kuta aligonga ukuta wa sebule kwa kidole, akategea sikio, akatamka: "Huu ni ukuta." Kitengo cha Majirani kilivuka hadi karakanani, kikamuuliza mchomeleaji aliyekuwa na kinyago usoni kama yeye ni jirani mwema. Mchomeleaji alijibu kwamba ni mwema sana, tena anamshukuru Mungu, na majibu yake yakapokelewa. Afisa wa Kitengo cha Harufu alikuwa na mafua, lakini alizunguka vyumba vyote bila kukosa hata kimoja na hakunusa kitu chochote kibaya.

"Sasa," msusi akauliza, amesimama uani na tumbo lake, "inavuja au haivuji?"

Wote wakaangalia juu. Jua lilikuwa linawaka kama limelipwa. Bati lilikuwa kavu na rangi ya dari ilikuwa mpya, inanukia.

"Mimi nikisema haivuji utaniamini?" Bibi Mkunga akacheka. "Si mimi ninayeuza? Hata hiyo rangi nimepaka juzi kwa sababu mnakuja. Anayetaka kuijua nyumba hii akae humu, mvua imkute ndani. Mimi nimemaliza."

Wakubwa wengine wangechukia kufundishwa kazi na bibi wa watu. Mkurugenzi hakuchukia. Alishusha miwani kutoka kwenye paji, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaitazama nyumba kama anayesoma ubao wa jina lake.

"Makazi ya Majaribio," alisema polepole. "Mamlaka itaishi kwenye nyumba kwa niaba ya mnunuzi. Kabla mwananchi hajateseka, mtaalamu awe ameshateseka. Hakuna nchi iliyowahi kufanya hivi!"

"Ni wazo la kihistoria, mkuu," Naibu akasema, na macho yake yakang'aa kidogo kuliko kawaida. "Lakini wa kuishi humu asiwe afisa wa chini. Umma utasema tunafanya mchezo. Anatakiwa mtu mzito."

Mtu mzito alikuwa ameshavua koti.

Jioni alimpa mkewe habari. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuuliza swali moja na kusubiri.

"Baba, tunahamia wapi?"

"Hatuhami, mama. Tunajaribu."

"Na hii nyumba yetu?"

"Itabaki. Nyumba haina miguu. Na ofisini nimemwacha Naibu, anakaimu."

Mkewe akaenda kutafuta godoro jembamba, maana aliwahi kuishi kwenye nyumba za kawaida kabla hajaolewa na alijua kitakachohitajika.

Bibi Mkunga alishakwenda kwa binti yake. Asubuhi ya kwanza Mkurugenzi alijipaka sabuni mwili mzima ndipo akafungua bomba. Bomba lilikohoa. Alisimama pale, mweupe kama keki, akampigia simu mtu wa maji, na mtu wa maji akamuuliza yeye ni nani. Mkewe alimletea kata ya maji kutoka kwenye pipa. Alikuwa ameshazungumza na mama muuza mkaa, ambaye alimweleza kwamba maji huku hutoka alfajiri tu, na jua likichomoza yanakatika.

"Kitengo cha Majirani hakikuliandika hili," Mkurugenzi alilalamika, povu linamkauka sikioni.

"Waliuliza?"

Baada ya hapo nyumba ilianza kumfundisha, na haikufuata ngazi za ushauri. Jirani mwema, yule mchomeleaji, alianza kazi kabla ya chai na kuimaliza baada ya magharibi, na cheche zake zilikuwa zinaruka ukuta. Mlango wa chumba cha kulala uliteremka kila jioni ukagoma kufungwa, ukafungika tena asubuhi ulipokuwa hauna kazi. Na siku moja alikuja mzee mmoja nadhifu, akabisha hodi, akakaa, akanywa chai yake taratibu. Ndipo akajitambulisha: yeye ni mdogo wake marehemu mume wa Bibi Mkunga, na nusu ya nyumba ni yake.

"Nusu ipi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hatujawahi kugawana, shemeji yangu na mimi. Lakini hiki kiti ulichokalia nakihesabu kiko upande wangu."

Mkurugenzi alisogeza kiti.

Msusi alikuwa akija karibu kila jioni. Alikuwa amejitolea kumsuka mke wa Mkurugenzi, bure, na mke wa Mkurugenzi akawa anakaa uani kwenye kigoda, kichwa kimeinamishwa, wanapiga soga na kucheka mpaka wachomeleaji wanazima mashine wasikie. Katikati ya soga msusi alikuwa akimrushia Mkurugenzi maneno mawili matatu, bila hata kuinua macho kutoka kwenye nywele.

"Mzee, maji vipi leo?"

Na Mkurugenzi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akihutubia watu waliolazimishwa kukaa, alijikuta mbele ya mtu anayetaka kweli kujua. Akavuta kigoda. Akamwambia kuhusu maji, kwamba kusiwe na mchezo, pipa kubwa linunuliwe kabla ya kitanda. Akamwambia mlango tatizo si bawaba bali fremu imelala, kwa hiyo bei ishuke. Habari ya shemeji wa Bibi aliitoa kwa hasira hasa.

"Usitoe hata senti kabla yule mzee hajakaa na Bibi mbele ya wakili, watu wa mtaa wakiwepo, aseme mwenyewe hadai kitu au alipwe chake kabisa. Ukinunua nyumba yenye shemeji ndani, umenunua shemeji!"

"Kumbe," msusi akasema, na kitana kikaendelea kupasua njia.

Mvua ilikuja mchana, pamoja na upepo, siku ambayo shule zilikuwa zimefungwa na mkewe yuko nyumbani. Sebule haikuvuja. Chumba cha mbele hakikuvuja. Mkurugenzi alikuwa ameanza kupiga kifua pale aliposikia mkewe anacheka chumba cha nyuma. Akaenda. Maji yalikuwa yanashuka kupitia ile rangi mpya kwa mistari mitatu, kama yamepangwa. Waliweka beseni, wakaweka sufuria, mwisho Mkurugenzi akasimama katikati ameshika karai juu ya kichwa chake, suruali imekunjwa, miwani imejaa matone.

"Unaonekana vizuri," mkewe akamwambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Sijakuona ukishika kitu kizito tangu harusi."

Na yeye, sijui ni kitu gani kilimwingia, akacheka pia, karai likamwagika lote mgongoni mwake.

Msusi alipokuja jioni hakuhitaji hata kuuliza. "Chumba cha nyuma!" Mkurugenzi alimpokea mlangoni. "Mvua ya upepo tu. Bati la tatu kutoka ukutani, misumari imelegea, nimepanda nimeona kwa macho yangu!" Alisema hivyo kwa fahari ambayo hakuwahi kuisikia alipokuwa akisoma matangazo.

Zikapita siku chache kimya. Kisha asubuhi moja lori likasimama nje, limepakia magodoro, kabati, na kitanda cha mtoto kimefungwa juu kabisa. Dereva akashuka, kijana mrefu mwenye haya, akafuatwa na msusi, ambaye sasa alitembea kama anayebeba trei yenye vikombe.

"Shikamoo mzee. Tumenunua."

"Marahaba... Mmenunua nini?"

"Hii. Tulikaa kwa wakili, Bibi na shemeji yake, watu wa mtaa wakashuhudia. Yule mzee kumbe alikuwa anataka tu kiti cha marehemu kaka yake. Amekichukua, ameondoka anaimba. Bibi naye ametupunguzia kwa ajili ya mlango na bati."

Mkurugenzi alijivuta akawa mkubwa. "Bila kushauriwa? Mwanangu, hujapitia hata Ushauri wa Awali! Unajua adhabu ya kubahatisha?"

"Nani kabahatisha?" msusi akashangaa. "Maji aliniambia nani? Mlango? Shemeji? Bati la tatu kutoka ukutani? Hakuna mtu nchi hii aliyeshauriwa kuliko mimi. Tena na Mkurugenzi Mkuu, amekaa juu ya kigoda."

Mkurugenzi aliipekua sheria yote kichwani, maana ndiye aliyeiandika, na haikusema popote kwamba ushauri lazima utolewe ofisini. Polepole uso wake ukabadilika. Aliona ukweli wa jambo: Mamlaka ilikuwa imempata mnunuzi wake wa kwanza aliyeshauriwa kikamilifu, na aliyemshauri ni yeye. Alitoa miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Hongera sana, mwanangu," alisema.

"Asante mzee. Sasa, samahani, mnatoka saa ngapi? Godoro linapata vumbi."

Wakafunga virago. Dereva, kwa heshima, aliwapeleka kwa lori hadi nyumba ya serikali. Mapazia yalikuwa yamebadilishwa. Mlango ulifunguliwa na Naibu, amevaa kandambili, anatafuna.

"Mkuu! Karibu, karibu ndani. Mama, habari za majaribio?"

"Unafanya nini kwangu?"

"Kaimu ni lazima akae nyumba ya cheo, mkuu. Si kwa kupenda kwangu. Wewe mwenyewe ulisisitiza nyumba haina miguu."

"Vizuri. Nimerudi. Ukaimu umekwisha."

Naibu alisikitika, na alisikitika vizuri sana, kwa kuinamisha kichwa. "Waziri anaona kazi yako ya uwandani ni nyeti mno kukatishwa. Amekupandisha cheo. Wewe sasa ni Mkurugenzi wa Majaribio, nchi nzima. Mimi nimebaki na huu mzigo wa kawaida wa ofisi."

"Na cheo hicho nyumba yake iko wapi?"

"Ni ile unayoijaribu."

"Imeshauzwa!"

"Alhamdulillahi!" Naibu akasema kwa furaha ya dhati. "Kumbe ushauri unafanya kazi."

Dereva akawarudisha hadi kwa msusi, na hapo Mkurugenzi akaamua basi atanunua nyumba yake mwenyewe, liwalo na liwe. Alikwenda kwenye jengo la Mamlaka, akapanga foleni nyuma ya watu waliokuwa wamekuja na mito ya kukalia, na alipofika dirishani yule afisa wa Kitengo cha Harufu, aliyepona mafua, alimweleza kwa adabu kwamba Ushauri wa Awali una watu wengi, arudi baada ya mvua za mwaka kesho.

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mkuu. Ndiyo maana sitaki ubahatishe."

Aliporudi alipomwacha mkewe, kwenye kibaraza cha msusi, alimkuta anamenya viazi na mwenye nyumba mpya, wamekaa vigoda vinavyogusana.

"Tumeshaelewana," mkewe akasema. "Tunapanga hapa. Chumba cha nyuma."

"Kinavuja!"

"Tunajua. Si wewe uliyetangaza? Ndiyo maana kodi yake nafuu."

Wakaishi hapo. Mtoto alizaliwa, wa kike, na Bibi Mkunga akaja kumwogesha. Mkurugenzi alipigilia misumari kwenye bati la tatu, mchomeleaji akamshikia ngazi, na ikawa kidogo kidogo watu wa mtaa wanapita jioni kumuuliza: mzee, kuna nyumba nimeiona kule juu, unaionaje? Yeye alikuwa anavaa kandambili zake anakwenda nao. Aligonga milango ya majirani. Alifungua mabomba adhuhuri. Alinusa kuta zilizopakwa rangi juzi, na aliuliza mwenye nyumba ana ndugu wangapi na wanapatana vipi. Watu wakanunua, na wengine wakakimbia wakashukuru. Hakuna aliyemwita Mkurugenzi. Walimwita Mzee wa Bati, na yeye aliitika haraka kuliko alivyowahi kuitikia cheo.

Sifa zikamfikia Waziri. Akaja kuiona nyumba ya kwanza kushauriwa nchini, msafara wake mrefu kuliko ule wa kwanza, pembeni yake Naibu Waziri, kijana mwenye tabasamu lililokaa sawasawa muda wote. Waziri alipita chumba hadi chumba, akambusu mtoto mbele ya kamera, akasimama uani akavuta pumzi.

"Hili ndilo linalotakiwa," alisema. "Kiongozi kushuka, kuishi maisha ya mwananchi! Ile nyumba ya jirani, yenye geti la kijani, si inauzwa? Nitaijaribu mimi mwenyewe. Kuanzia leo!"

Watu wakapiga makofi. Naibu Waziri alipiga kwa muda mrefu kuliko wote.

"Usiharakishe kurudi, mheshimiwa," alimsihi. "Kaa uijue vizuri. Mambo madogo ya wizara yasikuchoshe, tutasogeza sogeza." Kisha akarudi nyuma kidogo, akamwinamia dereva wa Waziri sikioni, na Mkurugenzi aliyekuwa jirani akamsikia akiuliza kama kule kwa mheshimiwa bustani inamwagiliwa asubuhi au jioni.

Waziri akamgeukia Mkurugenzi. "Wewe uliyetangulia kwenye kazi hii, una lolote la kunishauri?"

Mkurugenzi alikuwa nalo. Lilikuwa ushauri bora kuliko wowote aliowahi kuutoa, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akamtazama mkewe mlangoni, mtoto wa msusi begani. Mkewe alikuwa amekwishaelewa, na alikuwa anauma midomo ili asicheke mbele ya serikali.

"Ndoo mbili, mheshimiwa," Mkurugenzi akasema. "Na godoro jembamba. Nene halikauki."

Waziri akashukuru kwa ushauri huo wa kitaalamu. Naibu Waziri naye akasema vitu hivyo asiagizwe mtu, atavileta yeye mwenyewe jioni hiyohiyo, na funguo za kule kwa mheshimiwa angeondoka nazo sasa hivi, ili asimsumbue mara mbili.